Kufuli Kabla ya Kuwaka: Historia ya Neno la Siri la Laptopu na Watu Waliolisahau

Umewahi kuwasha laptopu ukakutana na skrini nyeusi na kisanduku kidogo kinachodai neno la siri, hata kabla nembo ya Windows haijatokea? Unaandika neno ulilozoea, mashine inakataa. Unajaribu la pili, la tatu, kisha inalia "pii" na kugoma kabisa.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kompyuta ina milango miwili. Wa ndani ni ule wa Windows au Linux tunaoufungua kila siku. Wa nje ni wa programu ndogo iitwayo BIOS, inayokaa kwenye chipu ya bodi kuu, ile ambayo mafundi wetu huiita mazabodi. BIOS ndiyo inayoamka kwanza. Inakagua kibodi, kumbukumbu na diski, ndipo inaiita Windows. Mlango huu ukifungwa, wazo la "tupige Windows upya" halisaidii kitu, kwa sababu hufiki hata pa kuanzia.

Ukiuliza mtaani utapewa majibu mawili yanayopingana. Mmoja atakuambia: "Toa ile betri ndogo, subiri kidogo, rudisha, kazi imekwisha." Mwingine atasema: "Hiyo tafuta mazabodi nyingine." Kumbe wote wawili wako sahihi. Inategemea mashine ni ya enzi gani na siri yake imehifadhiwa wapi. Ili uelewe, inabidi tupitie historia ya kufuli lenyewe, na swali gumu ambalo wahandisi wamepambana nalo muda wote: mashine itajuaje kama aliye mbele yake ni mwenye mali aliyesahau, au ni mwizi?

Mwanafunzi aliyetaka saa zaidi

Neno la siri lilikuja pale watu wengi walipoanza kutumia kompyuta moja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Watu kadhaa waliweza kufanya kazi kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mafaili yake na mgawo wake wa muda. Ikahitajika njia ya kujua nani ni nani, na neno la siri lilikuwa jibu rahisi lisilodai kifaa chochote cha ziada.

Haikuchukua muda likavunjwa. Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa amepewa saa nne kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi. (Kama unaandika tasnifu, unamwelewa.) Mwaka 1962 aligundua kwamba mtu angeweza kuomba faili lichapishwe kwenye karatasi kwa kuwasilisha kadi yenye matundu. Ijumaa moja usiku akaomba lichapishwe faili la maneno ya siri, na Jumamosi alfajiri akaenda kulichukua. Alikuja kuyasimulia haya mwenyewe miaka mingi baadaye.

Tatizo lilikuwa wazi: maneno yalihifadhiwa kama yalivyo. Baadaye katika miaka hiyohiyo ya 1960, Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, alipata dawa. Usihifadhi neno lenyewe. Hifadhi matokeo ya hesabu inayofanywa juu ya neno hilo, tena hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Fikiria kusaga mahindi: unga unaupata, punje huzirudishi. Mtu akiandika neno lake, mashine inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Shika wazo hili, tutalirudia.

Ufunguo wa chuma na baiti 50

Kompyuta binafsi zilipokuja, mambo yalianza upya kutoka sifuri. IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na neno la siri. Mipangilio yake iliwekwa kwa kusogeza swichi ndogo ndani ya boksi, na haikukumbuka hata tarehe: kila ukiiwasha, inakuuliza leo ni lini.

Mwaka 1984 IBM ikatoa PC/AT, na humo mlikuwa na vitu viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza ni kufuli halisi, la ufunguo wa chuma, mbele ya boksi. Ukilifunga, kibodi haisikii na kifuniko hakifunguki. Ukipoteza ufunguo, hilo ni suala la fundi wa makufuli. Cha pili ni chipu ya Motorola iliyoitwa MC146818, yaani saa inayoendelea kutembea kwa betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ilikuwa na baiti 64 tu za kumbukumbu. Baiti 14 zilikuwa za saa yenyewe na udhibiti wake. Hamsini zilizobaki zilitumika kukumbuka mipangilio ya mashine.

Kona hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwa nyumba ya kufuli. IBM ilipotoa kompyuta za PS/2 mwaka 1987, mtumiaji aliweza kuweka neno la siri la kuwashia, likahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya aina hiyo. Kampuni nyingine zikafuata njia hiyohiyo.

Siri inayoishi kwa betri

Sasa unaona kwa nini jibu la "toa betri" lilikuwa na mantiki. Kumbukumbu ya aina hiyo inahitaji umeme muda wote, hata kidogo tu. Kwenye kompyuta nyingi umeme huo unatoka kwenye betri bapa iitwayo CR2032, yenye volti 3, kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Jina lake ndiyo vipimo vyake. Ukiitoa na kusubiri, saa inarudi nyuma, mipangilio inafutika, na neno la siri linaondoka nayo. Kompyuta nyingi za mezani ziliwekewa hata njia rasmi: pini kwenye bodi zenye kofia ndogo ya plastiki, ambayo ukiihamisha kwa muda mfupi, kufuli linafutwa.

Kulikuwa na njia nyingine isiyohitaji hata bisibisi. BIOS huhifadhi pia jumla ya kuhakiki, yaani namba inayopatikana kwa kujumlisha baiti za mipangilio. Ikiwaka na kukuta jumla hailingani, inadhani kumbukumbu imeharibika, hivyo inarudisha mipangilio ya kiwandani, isiyo na neno la siri. Kwa hiyo kama mashine ilikuwa bado inawaka na kufuli liko kwenye mipangilio tu, mtu angeweza kuandika namba ya uongo mahali pa ile jumla kwa maagizo mawili ya DOS. Ikizimwa na kuwashwa, BIOS yenyewe inalifuta kufuli.

Njia ya tatu ilitokana na biashara. Mwaka 1982 Compaq ilitangaza kompyuta yenye BIOS iliyoandikwa upya ili ifanye kazi kama ya IBM bila kuinakili, na mwaka 1984 Phoenix ikaanza kuiuza BIOS yake kwa watengenezaji wengine. Baada ya muda soko kubwa likawa mikononi mwa kampuni chache, hasa Phoenix, Award na American Megatrends. Mashine zenye nembo tofauti kabisa dukani zikawa na BIOS za ukoo mmoja. Na ndani ya BIOS hizo mara nyingi kulikuwa na neno la siri la akiba, lililoachwa kwa ajili ya mafundi. Lililovuma zaidi ni AWARD_SW. Liliweza kufungua kompyuta nyingi zenye BIOS ya Award, bila kujali mwenyewe aliweka neno gani. Katika miaka ya 1990 orodha za maneno kama hayo zilisambaa kote.

Tulia hapa kidogo uangalie. Betri, kofia ya plastiki, jumla ya uongo, neno la akiba: zote zilikuwa msaada wa kweli kwa mtu aliyesahau, na zote zilimfanyia kazi mwizi vilevile. Kwa kompyuta ya mezani hilo halikusumbua sana. Mashine ni nzito, iko ofisini, na mlango wa ofisi una kitasa. BIOS ilikuwa inamzuia tu mfanyakazi mwenzako asichezee mashine yako wakati wa chakula cha mchana.

Mashine inayobebeka

Laptopu ilibadilisha hesabu hiyo. IBM ilipoleta ThinkPad mwaka 1992, wateja wake wakubwa walikuwa makampuni yenye wafanyakazi wanaosafiri, na mashine ya bei kubwa inayoingia kwenye mkoba inapotea kirahisi. Walitaka mashine ambayo mwizi akiiba, haimfai.

Wahandisi wakaihamisha siri. Badala ya kumbukumbu inayotegemea betri, neno muhimu zaidi likawekwa kwenye chipu ndogo ya aina ya EEPROM, ambayo haihitaji umeme ili kukumbuka. Toa betri wiki nzima, ukirudi itakuwa inakumbuka vilevile. ThinkPad zikawa na maneno matatu: la kuwashia, la msimamizi na la diski. La kuwashia, kwenye nyingi za zamani, liliondoka kwa kutoa betri ya akiba. La msimamizi lilikuwa habari nyingine. Vitabu vya mashine vilieleza waziwazi: ukilisahau, hakuna huduma ya kulifuta, leta uthibitisho wa ununuzi, lipa, na bodi kuu ibadilishwe.

Hilo ndilo jibu la yule fundi wa pili. Hakuwa anakutafutia hela.

La diski nalo lilikuwa gumu kwa namna yake. Kiwango cha ATA-3 cha mwaka 1997 kiliipa diski yenyewe uwezo wa kujifunga. Ukiichomoa na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, inabaki imefungwa, kwa sababu kufuli limo ndani ya diski. Ukikosea mara tano inagoma mpaka izimwe na kuwashwa tena. Kulikuwa na neno kuu la kusaidia waliosahau, lakini kwenye kiwango cha juu cha ulinzi neno hilo liliruhusu jambo moja tu: kufuta kila kilichomo ili diski itumike upya. Diski unaipata, kazi yako huipati.

Tarakimu tano kwenye skrini

Watu wanasahau kila siku, na kubadilisha bodi kuu kwa kila aliyesahau ni gharama kubwa. Ndipo likaja wazo la katikati. Kwenye laptopu nyingi, ukikosea mara tatu, skrini inakuonyesha namba. Unapiga simu kwa kampuni, unathibitisha kwamba mashine ni yako, unawasomea namba, nao wanakutajia neno la kufungulia. Kwa mara ya kwanza swali la "huyu ni mwenyewe au mwizi?" liliondolewa kwenye mashine, isiyoweza kulijibu, likapelekwa kwa binadamu anayeweza kuomba risiti.

Wazo zuri, ila hesabu ilikuwa mbovu. Unakumbuka unga wa Needham? Kwenye laptopu nyingi zenye BIOS ya Phoenix, ile namba ya tarakimu tano ilikuwa ndiyo unga wenyewe, tena kutoka kwenye kinu kidogo sana. Matokeo yaliyowezekana yalikuwa 65,536 tu. Linganisha na maneno ya herufi ndogo nane: yapo zaidi ya bilioni 208. Ukisaga bilioni 208 ukapata aina 65,536 tu za unga, maana yake maneno mengi mno yanatoa unga uleule. Na BIOS hailinganishi punje, inalinganisha unga. Kwa hiyo huhitaji neno la asili; neno lolote linalotoa namba ileile linafungua. Kompyuta ya kawaida inalipata neno kama hilo kwa sekunde chache.

Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2000, wadadisi walizichambua hesabu hizi na kuziweka hadharani programu za kuzipiga. Mtu hakuhitaji tena kupiga simu wala kuonyesha risiti. Kampuni zikajibu kwa kukaza: namba ndefu zaidi, hesabu nzito zaidi. Apple ilipitia safari inayofanana. Kwenye Mac za zamani neno la BIOS yao liliweza kuondolewa kwa kubadilisha kiasi cha kumbukumbu ya RAM na kuwasha kwa vitufe maalumu. Kwenye modeli zilizofuata, kuanzia mwaka 2011 hivi, njia hiyo ilizibwa, ukawa huna budi kuipeleka mashine kwa Apple pamoja na uthibitisho wa ununuzi.

Kufuli linahamia kwenye mafaili

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: neno la siri la kuwashia, peke yake, halifichi mafaili yako. Kama diski haijafungwa wala kusimbwa, ukiichomoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine, kila kitu kinasomeka. Kwa mwenye mali ni habari njema, maana laptopu inaweza kuwa imefungwa kabisa na tasnifu yake ikaokolewa kwa nusu saa. Kwa mwizi wa siri za benki au hospitali ni habari njema pia.

Ndiyo maana ulinzi ukahamia kwenye mafaili yenyewe. Windows Vista, iliyofika sokoni kwa umma mwaka 2007, ilikuja na BitLocker, inayosimba diski nzima, na ikaweza kushirikiana na chipu ya usalama iitwayo TPM. Chipu hiyo hutunza ufunguo na kuutoa pale tu inaporidhika kwamba mashine ni ileile na imewaka kwa utaratibu uleule. Isiporidhika, unaulizwa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Windows 11 ya mwaka 2021 imeifanya TPM kuwa sharti, na laptopu nyingi mpya husimba diski zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kutambua.

Sasa angalia jinsi dawa ya zamani inavyoweza kugeuka sumu. Umesahau neno la kuwashia, fundi anabadilisha mazabodi, laptopu inawaka, mnapongezana. Kisha skrini ya bluu inaomba tarakimu 48. TPM ya zamani imeondoka na bodi ya zamani. Bila hizo tarakimu, hakuna fundi wa kuyarudisha mafaili hayo, awe Kariakoo au makao makuu ya Microsoft. Zamani mashine ilipotea na mafaili yakaokolewa. Leo mashine inaokolewa na mafaili yanapotea.

Na sisi tunaonunua mtumba

Historia hii inatugusa kwa namna ya pekee. Laptopu nyingi tunazotumia vyuoni zimeanzia kwenye ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba. Zilinunuliwa kwa mamia, zikafungwa na msimamizi mmoja kwa neno moja, zikatumika miaka michache, zikauzwa kwa jumla. Aliyefunga akisahau kufungua, siri inasafiri na mashine hadi Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Wewe hukusahau chochote, lakini umefungiwa nje na mtu usiyemjua. Na kwa kampuni iliyoitengeneza huna tofauti na mwizi, maana karatasi ya kwanza ya ununuzi huna.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, iwashe mwenyewe na uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Kitufe hutofautiana: F1, F2, F10, Esc au Delete. Usiridhike kwa sababu Windows imewaka. Mara nyingi neno la msimamizi halijitokezi mpaka ujaribu kuingia humo. Ikidai neno la siri, mwambie muuzaji aliondoe hapohapo, au iache. Ukiinunua, dai risiti yenye namba ya utambulisho wa mashine na uipige picha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama umeshafungiwa nje, fuata mpangilio. Kwanza hakikisha ni mlango upi: wa BIOS, wa diski au wa Windows, maana kila mmoja una dawa yake. Pili, kabla fundi hajagusa bodi wala betri, tafuta ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, au muulize msimamizi wa kompyuta wa chuo au ofisi. Tatu, kama mafaili ndiyo muhimu kuliko mashine, mwambie fundi aanze na diski. Nne, wasiliana na mtengenezaji ukiwa na risiti. Kubadilisha bodi kuwe mwisho.

Na ikiwa laptopu yako leo inawaka vizuri, hii ndiyo siku ya kuandika neno lako la kuwashia na zile tarakimu 48 kwenye karatasi, ukaiweka mahali pamoja na vyeti vyako. Usiiweke kwenye mkoba wa laptopu.